Mwavuli wa Cecilia

Mkomaindo, Masasi
6 Machi 1994

Mjomba Silvesta,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa tunaamka salama, ila mvua imeingia chumba cha cherehani ikalowesha magauni mawili ya watu. Rose ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kucheka mpaka yaote mengine. Baba yake anamhonga karanga ili acheke. Wewe je? Unakula nini, na nani anakuchotea maji? Usinijibu kwamba unachota mwenyewe.

Sasa jambo lililonishikisha kalamu. Unamjua Alfredi, hawezi kuona redio mbovu akaipita. Mwezi wa kwanza alitengeneza moja kubwa ya mtu wa Nanyumbu, na katika kuijaribu akakamata kituo cha mbali. Palikuwa na wazee weusi wa Marekani, mmoja mmoja na gitaa lake, wanaimba shida zao kwa sauti ya mtu aliyetoka shamba. Mtangazaji aliuita muziki huo bluzi. Alfredi akaniita kutoka jikoni, akasema, "Mama Rose, njoo umsikie mjomba wako."

Tangu siku hiyo hajatulia. Amekodi ukumbi wa mjini kwa Jumamosi tarehe 6 Agosti. Zamani ukumbi ule ulikuwa wa mikutano na wa bendi zenye sare. Siku hizi ni ruksa, hata fundi redio akiomba anapewa. Anataka onyesho la watu wanaopiga peke yao. Amepata watatu. Kuna Uwesu wa sokoni, ana zeze la uzi mmoja na huligombeza katikati ya wimbo kama mke aliyechelewa kurudi. Kuna Mzee Halfani, gitaa lake ni debe na nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli. Ana haya, anapiga amewapa watu mgongo. Na kuna Bi Pili, anaimba huku anagonga ndoo tupu, na nyimbo zake zote ni za watu waliomuudhi. Nasikia jirani zake wameanza kumpelekea sukari. Hakuna kati yao anayeweza kupiga na mwenzake bila ugomvi.

Alfredi anasema bila wewe onyesho halijakamilika, nami nasema hivyo hivyo. Nimekulia kwenye sauti ya malimba yako. Nakumbuka jioni ukiwa kizingitini, vidole gumba vinacheza juu ya vile vyuma vilivyopangwa ubaoni, na mkeo, mama Cecilia aliyenilea, Mungu amrehemu, anachambua kisamvu na kukuambia, "Polepole baba, unanichoshea mwavuli wangu." Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani.

Njoo upige, mjomba.

Mpwa wako,
Veridiana

Kitangari, Newala
17 Aprili 1994

Mpwa wangu Veridiana,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imenifikia juzi. Dereva wa basi aliiacha dukani, mwenye duka akaiweka chini ya mfuko wa chumvi akaisahau, kwa hiyo imefika na chumvi yake. Nimeisoma mara tatu. Mwambie Rose mimi pia nina mapengo na nacheka bila kulipwa.

Maji nachota mwenyewe. Umenikataza nisijibu hivyo lakini sina jibu lingine. Nateremka bondeni mapema na ndoo mbili, yangu na ya marehemu. Ile ya kwake naimimina kwenye mtungi wake, na sinywi ya mtungi ule mpaka jioni. Ni mazoea tu, usihuzunike. Mihogo ni mizuri mwaka huu. Mbaazi zimeshambuliwa.

Kuhusu onyesho, nimefurahi kwamba Alfredi ana mambo ya kufanya. Huyo mwanamke mwenye ndoo ningependa kumsikia, nikiwa mbali kidogo. Lakini mimi niacheni. Vidole vyangu sasa ni vya jembe. Halafu mwezi wa saba tunapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho na siwezi kuiacha, kwani wanunuzi wa siku hizi wanachagua. Halafu mimi nilipiga kizingitini kwangu tu, sijapata kuwapigia watu waliokaa kwenye mistari.

Malimba yamehifadhiwa mahali pakavu.

Nakutumia njugu mawe kwa mkono wa dereva. Zihesabu kwa macho, anapenda kuonja.

Mjomba wako,
Silvesta

Mkomaindo
8 Mei 1994

Mjomba,

Shikamoo. Njugu mawe zimefika, na dereva ameonja kwa kiasi. Rose ameota jino moja na amecheka nusu. Alfredi ana kikohozi cha vumbi la redio lakini anakula.

Nina kosa la kukiri, nalo lina rangi nyekundu. Kabla barua yako haijafika Alfredi aliniuliza kama umekubali, nikasema ndiyo. Nilikuwa na hakika, mjomba. Basi amechora tangazo kwenye ubao na kulisimamisha sokoni, mkabala na dirisha langu, na jina lako ni la kwanza, SILVESTA WA KITANGARI NA MALIMBA YAKE. Mzee Halfani amenuna kwamba jina lake limekuwa la pili, na Uwesu amenuna kwamba zeze lake halikutajwa kwa jina. Lina jina. Linaitwa Cuthbert, kwa ajili ya mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa na sauti nyembamba.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Hayo ya vidole nimeyasoma, ya salfa nimeyasoma. Mimi ni mtoto wa nyumba ile, najua unavyoandika ukiwa na jambo jingine. Basi niulize lililo moyoni mwangu. Umenikasirikia kwa sababu ya mazishi? Nilikuwa Lindi kuchukua belo la mitumba, habari ikanikuta huko, na nilipofika Kitangari kaburi lilikuwa na siku tatu. Uliniambia, "Karibu, kula kwanza," na hatukulizungumza tena. Mama Cecilia alinilea tangu nina miaka minne, na sikumwosha wala sikumvika. Nalala na kuamka nalo. Kama ndilo linalokuzuia kuja kwangu, niambie, nitakuja mimi nipige magoti.

Veridiana

Kitangari
29 Mei 1994

Mama Rose,

Marahaba, na usipige magoti popote.

Sijakukasirikia hata siku moja. Nilisema kula kwanza kwa sababu ulikuwa umetembea kutoka barabarani na miguu yako ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nilitaka kusema zaidi, nikaona wewe una njaa na mimi sina maneno. Marehemu siku ya mwisho aliuliza habari zako. Nikamwambia umekwenda Lindi. Akasema, "Vizuri, ataniletea blauzi." Hayo ndiyo maneno yake juu yako. Hakuwa na kinyongo, nami sina.

Umeuliza pia juu ya mwavuli, nami sikukujibu. Tulipooana mwaka 1958 baba yake alimnunulia mwavuli mweusi kutoka Masasi. Kitangari nzima palikuwa na miavuli miwili, wa kwake na wa padri. Mwezi wa tatu wa ndoa nilikuwa natengeneza malimba na sikuwa na vyuma. Yeye alikuwa kisimani. Nikauvunja ule mwavuli, nikatoa vyuma vyake vyote vinane, nikavikata na kuvigonga juu ya jiwe mpaka vikawa bapa. Alirudi na mvua nyuma yake. Akatafuta mwavuli, akaona kitambaa kimelala kama popo aliyekufa. Nikayachukua malimba, nikampigia. Akasikiliza mpaka mwisho, analowa pale uani. Kisha akasema, "Basi uwe unanipigia kila mvua ikinyesha." Nikafanya hivyo miaka thelathini na mitano.

Juu ya malimba naomba usiniulize tena. Futeni jina langu kwenye ubao. Mweke huyo Cuthbert.

Silvesta

Mkomaindo
19 Juni 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea nyuma ya nyumba, nikalia, nikarudi kushona nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa mtungi kichwani. Asante kwa habari ya blauzi. Niliileta, unajua? Ilikuwa ndani ya belo lile, ya maua ya njano. Ninayo bado. Sikuthubutu kuitoa siku ile.

Rose na Alfredi wazima. Jina lako halijafutwa, na nitakueleza kwa nini.

Siku tatu baada ya barua yako kufika, alikuja mama mdogo Isabela kutoka Lisekese. Alikuwa na kitenge chake cha kushona. Nilimwona kwa dirisha amesimama mbele ya ubao wa Alfredi, anasoma kwa kidole. Akafika kwangu hata hodi hakupiga.

"Silvesta atapiga nini pale?"

"Malimba, mama mdogo."

"Malimba gani?"

"Yake. Kwani ana mengine?"

Akakaa. Akakunja kitenge, akakikunjua. Halafu akasema, "Funga cherehani, twende kwangu."

Tulitembea kwa njia ya mashambani, yeye mbele, na unajua anavyotembea, sikupata pumzi ya kuuliza. Nyumbani kwake akavuta stuli, akapanda, akateremsha kitu kwenye msumari juu ya kitanda. Kimefungwa kwenye kanga ya marehemu, ile ya kahawia. Akafungua. Mjomba, ni malimba yako.

Mahali pakavu, ulisema. Ni kweli, nyumba yake ina bati.

Nikamwuliza yamefikaje. Akasema, "Siku ya arobaini, wazee wa ukoo wetu walipogawa vitu vya dada, tenga langu lilikuwa na kanga tatu, sufuria, na haya. Nikadhani yameingia kwa bahati mbaya. Nikamtazama Silvesta. Akatazama chini. Nikasema, kumbe ameweka mwenyewe."

"Kwa nini hukumrudishia?"

"Nirudishe kitu cha marehemu nilichopewa mbele ya wazee? Wangesema Isabela ameukataa mkono wa dada yake. Yeye kwa nini hakuyaomba?"

"Aombe kitu alichokitoa mwenyewe mbele ya wazee haohao?"

Akanitazama. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Tumekaa."

Kisha akaniambia jambo jingine, akiwa ananipa mgongo kama Mzee Halfani. Panya akipita juu ya vile vyuma mchana, yanalia kidogo, naye humwitikia dada yake. Anasema, "Abee." Halafu anaona aibu.

Sasa nimejua, mjomba. Usipotaka kuandika, usiandike. Lakini nimejua.

Veridiana

Kitangari
10 Julai 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Salfa imeanza, macho yananiwasha, kwa hiyo usione vibaya mistari ikipinda. Jogoo mweupe amekufa. Watoto wa Vitalis jirani wananisaidia ndoo moja siku za Jumamosi, sasa utulie.

Nashukuru umeona kwa macho, maana mdomo wangu ulikuwa umeshindwa. Nitakueleza mara moja.

Usiku wa kuamkia arobaini niliwaza, vitu vyake vinakwenda kwao, ndiyo desturi, na vyuma vile ni vyake. Ubao ni wangu, vyuma ni vyake. Nikaona nikibaki navyo nitakuwa nimemnyang'anya mwavuli mara ya pili. Asubuhi nikayaweka kwenye tenga mwenyewe, na hakuna aliyeniambia. Nilijisikia mtu mwadilifu sana mpaka jioni yake. Jioni mvua ikanyesha, ile ya kwanza, nikanyoosha mkono ukutani.

Tangu hapo, mvua ikija nakaa kizingitini na kupiga gumba ukingoni mwa stuli. Stuli haina sauti lakini vidole vinajua njia. Kwa hiyo pale nilipokuandikia kwamba vidole vimekuwa vya jembe nilikudanganya, na nakuomba radhi.

Nilidhani Isabela ameyachoma kama kuni, au amempa mtoto achezee. Kumbe yako ndani ya kanga. Nimesoma habari ya panya nikaweka barua chini, nikaenda kutazama mikorosho ambayo nilikuwa nimeshaitazama.

Lakini siwezi kuomba, mama. Nilitoa mbele ya wazee. Na yeye asirudishe, asije akasemwa. Sijui tunatokaje hapo. Ila moyo wangu umetua, kwa sababu kuna mtu anayeyaitikia.

Silvesta

Mkomaindo
22 Julai 1994

Mjomba,

Shikamoo, na hii ni fupi kwa sababu dereva anapiga honi.

Nimempelekea mama mdogo barua yako nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, hata ya jogoo. Akaniambia nisome tena pale pa stuli. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo, kwa sababu ameniagiza nisiongeze wala nisipunguze:

"Mwambie shemeji kwamba nimerithi na sirudishi. Lakini wazee watanisema nikirudisha, hawawezi kunisema nikiazimisha. Nitakuja na malimba yangu ukumbini. Atayachukua mkononi kwangu mbele ya watu, apige, na akimaliza anirudishie mkononi mbele ya watu. Kisha akitaka kuazima tena aje Lisekese, na mimi nitafikiria. Najua nitafikiria kwa muda mfupi. Na kila mvua za kwanza aje ayachukue akae nayo Kitangari mpaka ziishe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

"Lakini sitoi chochote kwa mkono mtupu. Dada yangu alilowa miaka thelathini na mitano. Baba yetu alinunua ule mwavuli kwa kuuza ufuta, na mimi ndiye niliyeubeba kutoka Masasi mpaka Newala, nikiwa na miaka tisa, sijaruhusiwa kuufungua. Atuletee mwavuli. Mweusi."

Nikamwambia, "Mama mdogo, huyo ni mfiwa."

Akasema, "Na mimi ni nani?"

Alfredi anasema Bi Pili ameshasikia habari zote na anatunga wimbo juu yenu wawili. Hatujui ameudhiwa na nani kati yenu. Tumempelekea sukari.

Njoo, mjomba. Kitanda cha Rose kimetandikwa kwa ajili yako, yeye atalala na mimi. Jino la pili limeota.

Veridiana

Kitangari
31 Julai 1994

Mpwa wangu Veridiana,

Marahaba, wewe na nyumba yako. Barua hii nampa dereva leo, na mimi napanda gari Ijumaa. Mkituona tumefika pamoja, anzeni na mimi.

Nimemaliza salfa jana. Shati jeupe nimelifua, lina tundu kwapani, utalitazama kabla ya Jumamosi. Nimemwomba Vitalis ateke maji siku nitakazokuwa huko na kuyamimina kwenye mtungi wa marehemu. Hakuuliza kwa nini. Ni jirani mzuri.

Iweke tayari ile blauzi ya njano. Uivae siku ya onyesho, kama inakuenea. Aliisubiri, na mimi nataka kuiona imevaliwa.

Mwambie Mzee Halfani kwamba simlaumu kwa kuwapa watu mgongo, na kama atakubali tutapangana, yeye atazame ukuta huu na mimi ule. Mwambie Alfredi sitasema neno la utangulizi. Nitapiga wimbo ule wa mvua, kisha mwingine mmoja, kisha nitakaa.

Wiki iliyopita nilikwenda Newala kwa miguu kutafuta mwavuli. Siku hizi iko ya kila rangi, mingine ina maua, mingine inajifungua yenyewe kwa kubonyeza kama mtego. Nilizunguka maduka manne. Mweusi nilipata mmoja tu, una mpini wa mbao. Muuzaji akacheka, "Mzee, kiangazi hiki unanunua mwavuli?" Nikamwambia nimechelewa kidogo.

Nimeubeba mpaka nyumbani ukiwa umefungwa, kama Isabela alivyoubeba ule. Uani nikaufungua mara moja, pale alipokuwa amesimama siku ile, nikavitazama vyuma vyake kwa ndani. Ni vizuri, vigumu, vinalia ukivigusa kwa kucha.

Mwambie Isabela viko vinane, na nimeviacha vyote.

Mjomba wako,
Silvesta